Afande mstaafu na majina yanayoletwa usiku

Mkutano wa mtaa uliitishwa saa kumi jioni, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya mtaa. Pikipiki zilikuwa zimeibwa mfululizo hapa Tabora kwetu, na ya mwisho ilichukuliwa mchana kweupe nje ya msikiti, mwenyewe akiwa ndani kwenye swala ya Ijumaa. Mkaguzi wa polisi wa kata yetu, dada mmoja mpole na makini, alijitambulisha, akataja namba yake ya simu mara mbili, taratibu, ili watu waiandike. Akasema mwenye taarifa aseme, na asiyeweza kusema mbele za watu ampigie.

Kimya.

Wazee walitazama chini. Vijana wa bodaboda walikuwa pembeni, wamekaa juu ya pikipiki zao na simu mikononi, na sikumwona hata mmoja aliyeiandika ile namba. Mwenyekiti akasubiri, akakohoa, akafunga mkutano.

Usiku huo huo, baada ya Isha, nilikwenda kwa jirani yangu kumrudishia ngazi yake. Nikakuta baraza imejaa. Baadhi ya wale bodaboda walikuwepo. Mama anayeuza karanga stendi alikuwepo. Walikuwa wanataja majina. Walijua pikipiki zinafunguliwa nyumba gani, spea zinapakiwa kwenye gari la nani na usiku wa siku gani.

Jirani yangu ni askari mstaafu. Alimaliza utumishi akiwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCD, katika mkoa mwingine, akarudi nyumbani kufuga nyuki na kulima. Hana sare, hana gari, hana mamlaka ya kumkamata mtu yeyote. Lakini mtaa mzima bado unamwita Afande, na inaonekana mtaa mzima unajua pa kupeleka habari zake.

Watu walipoondoka nilimwambia kwamba hiyo ni heshima kubwa aliyopewa.

"Heshima gani, mwanangu?" akaniuliza. "Hawa wananiamini mimi. Kituo hawakiamini. Na mimi ndiye niliyekuwa kituo miaka yote ile."

Wiki kadhaa zimepita na maneno hayo hayajaniachia. Nimerudi kwake mara nyingi kumuuliza alikuwa na maana gani. Ameniomba nisiandike jina lake wala wilaya alizofanyia kazi, na nimekubali. Mengine ameniruhusu.

## Kaunta

Aliingia Jeshi la Polisi mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapita chuo cha polisi Moshi kama wenzake, akatoka konstebo. Alipanda taratibu: koplo, sajenti, kisha kozi ya chuo cha polisi Kurasini na nyota za mkaguzi. Miaka mingi kabla ya kupewa wilaya aliitumia kaunta, zamu za usiku, mbele yake kitabu cha matukio na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu.

Anaizungumzia kaunta kuliko kesi yoyote kubwa aliyowahi kupeleleza. Nilipomuuliza kuhusu majambazi, alinijibu kwa kifupi. Nilipomuuliza kuhusu PF3, fomu ya polisi anayopewa majeruhi aende nayo hospitali, alivuta kiti.

Anasema konstebo wa kaunta ana karatasi mbili tu zinazoamua mwananchi ataionaje serikali yake: RB, yaani namba ya taarifa aliyoripoti, na PF3. Mtu anakuja saa nane za usiku, kichwa kimepasuka, kanga iliyomfunga jeraha imelowa. Bila ile fomu, hospitali watasita kumgusa. Wakati huo yeye haihitaji hotuba ya polisi jamii. Anahitaji fomu, jina lake liandikwe sawasawa, na mtu wa kumwambia mlango wa hospitali ulio wazi ni upi.

"Mtu akiombwa hela ya kutoa kopi ya PF3 huku damu inamtoka," alisema, "huyo umempoteza. Na wanawe umewapoteza. Watakuwa watu wazima hawajawahi kukukosea, na hawatakuambia kitu."

Nikawakumbuka wale vijana juu ya pikipiki zao.

## Kiti cha mbele cha basi

Miaka ya 1990 alipelekwa Kigoma. Anayeijua Kigoma ya wakati ule hahitaji kuelezwa. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993 na Warundi wakavuka mpaka kwa maelfu. 1996 vita vikaanza Zaire na boti zikaanza kushusha watu Kibirizi na kwenye fukwe nyingine za ziwa. Pamoja na watu waliokimbia kuokoa roho zao zikapenya bunduki za kivita, na barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ikawa ya kusafiri kwa msafara, askari wenye silaha ndani ya basi.

Yeye alikuwa mmoja wa askari hao. Alikaa kiti cha mbele, bunduki magotini, akitazama vichaka.

Anasema ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa anatazama mahali pasipo na habari. Habari zilikuwa kwa akina mama wanaouza ndizi basi linaposimama. Wao ndio waliojua nani aliuliza jana basi linapita saa ngapi. Wao ndio walioona vijana wageni wakinunua sigara nyingi na maji mengi kuliko msafiri wa kawaida. Akaanza kushuka. Akanunua ndizi ambazo hakuzihitaji, akauliza habari za watoto, safari hii na safari ijayo, mpaka siku moja mama mmoja akamwambia dereva, si yeye, kwamba leo afadhali wasubiri mchana.

Walisubiri. Hakuna kilichotokea, na kwa hiyo hakuna kilichoandikwa popote.

Hapo ndipo namna yake ya kazi ilipozaliwa. Miaka ya Said Mwema, aliyekuwa IGP, yaani mkuu wa Jeshi la Polisi, kuanzia 2006, yalipokuja maelekezo ya polisi jamii na ulinzi shirikishi, wapo maofisa walioyapokea kama semina nyingine. Mzee aliyapokea kama mtu aliyesikia wakubwa wakilitaja jambo alilokuwa akilifanya peke yake kwa miaka. Bado ni muumini. Ndiyo maana yale aliyoniambia barazani yalinishtua.

## Mwano

Kwetu Unyamwezini huwezi kuzungumzia ulinzi ukawaacha sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Walianza upande wa Kahama mwaka 1981 na 1982. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, maduka matupu, silaha zimezagaa, na mwizi wa ng'ombe hakuja tena na fimbo. Wanakijiji wakachukua pinde na filimbi, wakachagua ntemi, mkuu wao, wakaapa. Mwano, yowe la kuita msaada, ukipigwa kijiji kimoja, cha pili kinaudaka, na asiyetoka anatozwa. Kwa muda mfupi jambo likaenea Usukuma na Unyamwezi yote. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono wakati polisi na mahakama wakiwatazama kwa wasiwasi, na 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili nao watambuliwe.

Mzee alikuwa askari kijana, na hafichi: waliwashinda. Wilaya nzima ilikuwa na gari moja ambalo lilikuwa likisukumwa asubuhi. Ntemi wa sungusungu hakuhitaji gari. Alizaliwa pale, watoto wake aliwalea pale, atazikwa pale. Akikudanganya leo, kesho mtakutana kisimani.

Lakini alikuwa pia ndiye anayepokea waliotoka mikononi mwao. Waliopigwa mpaka wakakiri. Waliotengwa, ambao hakuna wa kuwapa moto wala wa kuja kwao msibani. Wanawake waliofukuzwa kijijini usiku kwa sababu ya maneno.

"Asubuhi niliwaonea wivu," aliniambia, "jioni nikawa nachukua maelezo ya mtu waliyemvunja mikono."

Na serikali nayo ilikuwa na jeraha lake. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watuhumiwa waliteswa na wengine kufa Shinyanga, katika operesheni iliyokusudiwa kukomesha mauaji ya watu wanaodhaniwa wachawi. Jirani yangu alikuwa bado shuleni. Aliisikia redioni, akamwuliza baba yake kwa nini waziri aondoke wakati hakumgusa mtu. Baba yake alimjibu kwamba mwenye nyumba ndiye anayeulizwa habari za nyumba yake.

Nimelitafakari sana hili. Upande mmoja ni watu wanaoaminiwa na wote, na hakuna wa kuwauliza. Upande wa pili ni chombo chenye sheria na mkubwa wa kuulizwa, ila watu wake wanakuja na kuondoka. Mzee aliingia kazini katikati ya pande hizo mbili, akadhani anaweza kuwa vyote viwili: askari wa sheria anayejulikana kama mtu wa nyumbani.

Kwa miaka mingi aliweza.

## Daftari la mfukoni

Alipopewa wilaya yake ya kwanza kama OCD, tatizo lililomnyima usingizi lilikuwa ramli chonganishi, zile za waganga zinazomtaja mtu kuwa mchawi. Wasomaji wa mikoa hii mnalijua. Mtoto anaumwa, au ng'ombe wanakufa, au kuna shamba ambalo mtu analitaka. Mganga anapiga ramli, anasema adui yuko upande wa machweo na ana macho mekundu. Upande wa machweo kuna bibi ambaye amepika kwa moshi maisha yake yote.

Wakati huo nchi ilikuwa imetikiswa pia na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi. Mzee hakuwa na ugomvi na amri hiyo. Anachosema ni kwamba kwenye vijiji vyake ramli zilihamia usiku, na amri iliyotoka juu haikuweza kujua mlango wa nani umeshatazamwa.

Waliojua ni wakwe. Mke wa mtoto, aliyeolewa humo ndani, anayesikia mume na shemeji zake wakinong'ona. Mke huyo hawezi kwenda kituoni. Akionekana tu amesimama kaunta, naye amekwisha. Lakini anaweza kukutana na mke wa askari mnadani. Anaweza kumwambia mwalimu. Anaweza kumsimamisha OCD anayepita kwa miguu akamwomba msaada wa kujitwisha ndoo.

Mzee alikuwa na daftari dogo la mfuko wa shati. Humo aliandika majina ya bibi waliokwisha kuoneshwa kidole. Kijiji, jina, nani kasema, lini. Kisha akaanza kuwapitia. Hakwenda na king'ora. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, akala michembe ya viazi, akacheka, akahakikisha majirani wote wameliona gari la polisi limesimama pale kwa muda wa kutosha. Akiondoka alipitia kwa watoto wa kiume wa yule bibi, akawaambia: "Nimetoka kumsalimia mama yenu. Nitarudi."

Hakuna kosa lililotajwa. Hakuna aliyetuhumiwa. Kijiji kizima kikaelewa kwamba yule bibi ana mtu.

Nilimwuliza aliandika nini kwenye taarifa za mwezi. Akasema hakuna safu ya kitu cha namna hiyo. Taarifa inauliza makosa yaliyoripotiwa, waliokamatwa, waliofikishwa mahakamani. Bibi aliye hai anakunywa uji si takwimu.

## Makabidhiano

Kisha ukaja uhamisho.

Aliyepita serikalini anayajua makabidhiano. Mnakaa mezani na mwenzako anayekuja. Silaha kwa namba zake. Risasi, moja moja. Magari na hali ya matairi. Vielelezo: madumu ya gongo, magunia ya bangi, baiskeli iliyokaa stoo mpaka imeota kutu. Mafaili ya kesi zinazoendelea. Mahabusu waliomo, majina na makosa. Mnasaini wote wawili, nakala zinakwenda kwa RPC, Kamanda wa Polisi wa Mkoa.

Yalichukua siku nzima. Mwenzake alikuwa ofisa mzuri, anasisitiza hilo, mtu mwadilifu kuliko wengi. Walikula pamoja jioni. Asubuhi akapakia familia yake akaondoka, na daftari lilikuwa mfukoni mwake, kwa sababu ndipo lilipokaa siku zote.

Miezi kadhaa baadaye, akiwa kituo kipya, alipigiwa simu na mwanamke. Yule bibi wa karibu na lambo amekatwa mapanga usiku. Alikufa pale pale.

"Risasi nilizikabidhi kwa hesabu," aliniambia. "Yule bibi sikumkabidhi."

Nilikaa kimya. Sikuwa na neno la kumpa.

Ofisa mpya hakufanya uzembe wowote. Alipita alikoonyeshwa, alilinda alichokabidhiwa. Watu wa kijiji kile nao hawakumwambia chochote, kwa sababu hawakumjua, na yule waliyemjua alikuwa ameshaondoka. Kila mmoja alitimiza wajibu wake kama ulivyoandikwa.

## Mawazo yangu ya kwanza

Niliporudi nyumbani usiku ule nilikuwa na jibu tayari: uhamisho ndio adui. Waacheni maofisa wakae. Mtu amejenga imani ya watu kwa miaka, mnamng'oa kwa karatasi moja, na mnashangaa watu kunyamaza mkutanoni.

Nilimpelekea wazo hilo kama zawadi. Akalikataa kabla sijamaliza.

Alinieleza habari za askari aliyekaa mno mahali pamoja. Anaanza kwa kukopa sukari dukani. Anapata kiwanja kwa bei ya urafiki. Msimu wa tumbaku anapewa posho. Binti yake anaolewa na mtoto wa mfanyabiashara ambaye magari yake yanapita usiku. Siku faili la mfanyabiashara huyo likifika mezani, hakuna rushwa inayohitajika tena. "Mwizi akishajua mwanao anasoma darasa la ngapi, kazi imekwisha," alisema. Ameona vituo vilivyooza hivyo, na dawa ilikuwa ni kuwatawanya wote.

Kwa hiyo uhamisho hauondoki, na nadhani ana haki.

Tazama hata majirani zetu wa Kigoma. Mkuu wao wa Mkoa, aliyeteuliwa 2025, ni Balozi Simon Sirro: alikuwa IGP kutoka 2017 hadi 2022, akaenda kuwa balozi Zimbabwe, sasa yuko kando ya Ziwa Tanganyika. Utumishi ndivyo ulivyo, kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Mtu wa ngazi ile akiingia ofisi mpya anawakuta makatibu, wataalamu, taarifa za miaka. Ninachojiuliza ni kuhusu huku chini, ambako taarifa yenye thamani kuliko zote iko kichwani mwa mtu mmoja na mfukoni mwa shati lake.

## Simu ya usiku

Jambo gumu zaidi alilisema siku nyingine, tukiwa tunakagua mizinga yake ya nyuki. Nalileta hapa kwa uangalifu kwa sababu bado sikubaliani nalo lote.

Akiwa OCD, wilaya nzima ilikuwa na namba yake. Mtu akinyimwa dhamana usiku kwa kosa dogo, ndugu zake wanampigia. Anaamka, anapiga kaunta: "Mwachieni aende, aje asubuhi." Mtu anatoka. Familia inamwombea dua. Alifanya hivyo mara zisizohesabika na alilala akiwa na amani, kwa sababu dhamana ya polisi ni bure na ni haki, na yeye alikuwa anailinda haki hiyo kwa mkono wake.

Sasa hivi anaiona tofauti. Konstebo aliyepigiwa simu ile hakujifunza kwamba dhamana ni haki. Alijifunza kwamba sauti ya OCD ni haki. Siku OCD alipobadilika, sheria pale kaunta ilibadilika naye.

"Aliyeachiwa alinishukuru mimi," alisema. "Alipaswa asimshukuru mtu."

Mwaka 2023 Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti yake. Sote tulisikia wananchi walivyolalamika: kubambikiwa kesi, kunyimwa dhamana, kukaa mahabusu bila sababu. Wengi wetu tulisoma tukiwatafuta askari wabaya. Mzee anasema yeye alisoma akiwatafuta askari wema, walikuwa wapi na walikuwa wanafanya nini. Akajiona. Alikuwa kwenye simu, akiwatoa watu mmoja mmoja kwenye tatizo ambalo alikuwa na cheo cha kuliondoa lote.

Hapo nilimbishia. Mtu aliyelala nyumbani kwake usiku ule alilala nyumbani kweli. Mama yake hakukesha nje ya kituo kweli. Huwezi kumwambia mtu aliye ndani avumilie mpaka mfumo urekebishwe. Alikubali. Akasema angepiga tena simu ile ile leo, ila asubuhi yake angeshuka kaunta, angeita zamu nzima, angewaeleza kwa nini simu ile haikupaswa kuwepo, na angemwita tena yule yule konstebo wiki ijayo kuona kama amebadilika. Hakuwahi kufanya hivyo. Kupiga simu kulikuwa kwepesi, na shukrani zilikuwa tamu.

## Orodha ikivuja?

Nikaja na pendekezo la pili. Iandikwe. Katika makabidhiano, baada ya risasi na vielelezo, kuwe na sehemu ya watu: hawa wako hatarini, hawa wanatupa habari, hawa wanaheshimika.

Alinitazama kwa muda.

"Orodha ikivuja?"

Sikuwa nimefikiria. Jina la yule mkwe kwenye karatasi, kwenye kabati ambalo funguo zake ziko tatu. Ni kifo kingine.

Tumelizungusha jambo hili kwa jioni nyingi, na nadhani tumefika mahali. Majina hayo si ya aina moja. Bibi aliyeoneshwa kidole, kijiji kizima kinajua ameoneshwa. Kumwandika hakumfichulii mtu siri yoyote; kunamfichulia ofisa mgeni tu, ambaye ndiye pekee asiyejua. Huyo aandikwe kwa kalamu nzito, nakala kwa mkaguzi wa kata, kwa mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii, na kila anayepokea ofisi asaini kwamba amefika mlangoni kwake. Mtoa habari ni mwingine kabisa. Huyo haandikwi popote. Huyo anaulizwa: mimi naondoka, je, niko huru kukukutanisha na mwenzangu? Akikataa, imekwisha, na siri yake inaondoka na aliyepewa.

Lakini kukutanisha watu ni kwa miguu. Ni kwenda mnadani wawili, kukaa kwenye kigoda wawili, mgeni aonekane akinywa uji ule ule. Hiyo haifanyiki siku ya kuhesabu bunduki. Mzee anadhani ingehitaji mwezi wa ofisa wawili ndani ya wilaya moja, na anajua atakayeuliza kwanza ni mhasibu: posho ya nani, nyumba ipi, mafuta ya wapi. Mimi naona ni gharama ndogo mno. Naiandika hapa nikitumaini kuna msomaji aliye karibu na wanaopanga mambo hayo.

Wale waliokuja barazani na majina ya wezi wa pikipiki, hakuyabeba yeye kuyapeleka. Asubuhi aliwapitia, akatembea nao hadi ofisi ya kata, akawaambia yeye anaishia mlangoni. Mmoja aligeuka akarudi nyumbani. Wengine waliingia, na mama wa karanga ndiye aliyetangulia. Mzee anasema kumpoteza yule mmoja kumemuuma, lakini akiingia nao ndani watamtafuta yeye tena safari ijayo. Mimi bado nadhani angeingia, angalau mara ya kwanza. Hatujaafikiana.

Mkaguzi wetu wa kata amesikia habari za lile daftari. Amemwomba aje azungumze na wakaguzi wenzake wa kata nyingine, wengi wao vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari askari. Nilidhani angekataa. Amekubali, kwa sharti kwamba wasisome wasifu wake wala vyeo vyake, na kwamba aanze moja kwa moja na siku ile ya makabidhiano.